Fundi Kibindo na pampu zisizoonekana

Jua bado linajishauri kama litoke au lisitoke, lakini Fundi Kibindo ameshaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, baiskeli ya mwuza mkate imemlalia mapajani kama mgonjwa wa jino. Siti ameing'oa. Kidole chake cha kati kimezama ndani ya bomba la fremu, kinapapasa kutu.

"Baiskeli ina matumbo," anasema bila kuinua kichwa. "Watu wanaona magurudumu tu."

Anamimina mafuta ya taa kidogo, anatikisa, anaipindua. Maji ya kahawia yanamwagikia viatu vyake, ambavyo rangi yao ya mwanzo haikumbukwi na mtu yeyote, hata mkewe. Kisha anachukua pampu fupi aliyoivisha vipande vya mpira wa ndani ili isigonge gonge njiani, anaishusha ndani ya bomba taratibu. Juu yake anasokota kitambaa chenye viraka viwili na gundi. Anarudisha siti. Chini ya siti kuna mpini wa kijiko, umekunjwa na kuchomelewa. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, siti inanyanyuka na pampu inakuja mkononi.

Usipojua, hujui. Unaona baiskeli kama baiskeli nyingine.

Watu wamekiita kifaa hiki kibindo, kwa sababu ni kama lile pindo la nguo kiunoni ambamo bibi alifunga fedha zake na hakuna mjukuu aliyezifikia. Aliyekibuni naye akapewa jina hilohilo. La kwenye cheti cha kuzaliwa limebaki kwa matumizi ya hospitali.

Wakati anapanguza mikono, mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na kitu anaingia mtaani akisukuma baiskeli. Nyuma amefunga madumu mawili ya maziwa. Gurudumu la nyuma limelala chapati. Anapita mbele ya fundi, karibu kabisa, kivuli chake kinagusa boksi la spana.

"Shikamoo, dada," anasema Kibindo, amesimama.

"Marahaba, fundi."

Halafu anavuka barabara na kupeleka pancha yake kwa fundi wa upande wa pili.

Kibindo anakaa tena. Anaanza kutafuta spana ambayo ameishika mkononi.

Mwanamke yule ni dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha hadi darasa la saba na kumnunulia seti ya kwanza ya spana kwa fedha za maziwa. Ni karibu mwaka sasa hajamletea hata skrubu ya kukaza. Na hilo neno "fundi" ndilo linalomkereketa zaidi.

"Angenitukana ningeshukuru," anasema. "Tusi ni la ndugu. Lakini ananiita fundi, kama ninavyoitwa na mtu aliyepita njia. Marahaba, fundi. Unaisikia baridi yake?"

Ili kuielewa baridi hiyo, lazima kwanza uijue barabara ya mlimani.

Ni barabara ndefu ya changarawe, inapanda kutoka bondeni kwa wafugaji hadi mjini, na changarawe yake haina urafiki na mpira. Kila alfajiri wapanda baiskeli wanaipanda na mizigo: maziwa, mkate, mkaa, mboga. Zamani kila mmoja alikuwa na pampu yake imebanwa kwenye fremu, nje, wazi. Na ilikuwepo sheria ambayo haikuandikwa na mtu: baiskeli iliyopinduliwa haipitwi. Ukiona magurudumu yanatazama mbinguni, unashuka. Ukiulizwa pampu, unatoa. Haikujali kama aliyekwama ni mkwe wako au ni yule aliyekunyang'anya mteja wiki iliyopita.

Sheria nzuri, ila ilikuwa na wenye kuchoka nayo.

"Walikuja hapa kulalamika," anakumbuka Kibindo. "Mmoja akaniambia, fundi, mimi nimekuwa kisima cha kijiji, kila mtu anakuja na ndoo yake. Mwingine pampu yake iliazimwa ikarudi ngozi ya ndani imechanika. Na sokoni zilikuwa zinaibwa. Unaegesha, unanunua kitunguu, ukirudi kitunguu unacho, pampu huna."

Siku moja, akitoa siti iliyoganda, akatazama ndani ya lile bomba na kuona nafasi iliyokaa bure tangu baiskeli ilipotengenezwa. Akajaribu. Tatizo likawa kibanio: kila chuma alichotumia kilikuwa kigumu mno au laini mno. Akaenda kwa dada yake kula chakula cha mchana, akaona kijiko.

"Nilimwomba kimoja. Akanipa dazeni nzima, vile vya chuma vya zamani vyenye ua mpinini. Akasema, 'Chukua, mimi nina mkono.' Akacheka. Alikuwa anacheka sana, dada yangu."

Ilikuwa biashara. Kuziba pancha ni bei ya mkate mmoja. Kibindo ni bei ya mikate kumi na miwili. Ndani ya miezi michache wapanda baiskeli walipanga foleni kama wanagawiwa kitu cha bure, na watoto wake wawili wakapelekwa sekondari ya kulipia, "ambako," anasema, "wanasoma kemia na wanarudi nyumbani na njaa ya kawaida."

Ni mtu mmoja tu aliyekataa. Kibindo alimfuata dada yake mwenyewe, akamwambia atamwekea bure.

"Akaniuliza, 'Nikishaificha, anayeihitaji ataionaje?' Nikamwambia, dada, hiyo ndiyo faida yake. Akaendelea kuosha madumu."

Asubuhi ya tukio lenyewe, dada huyo alikuwa na mkataba wa kupeleka maziwa katika jiko la chuo kimoja mjini. Alikuwa ameuhangaikia miaka. Geti la jikoni linafungwa saa mbili, na mpishi wake ana sifa ya kutosikiliza hadithi. Katikati ya mlima gurudumu likatoa pumzi. Kiraka alikuwa nacho, gundi alikuwa nayo. Pampu hakuwa nayo. Jana yake alimwazima mwuza mkaa, naye akaahidi kuirudisha "kesho mapema".

Akaipindua baiskeli, akaziba tundu, akakaa pembeni kusubiri. Hakuwa na wasiwasi. Barabara ile alikuwa ameipanda nusu ya maisha yake.

"Wa kwanza nilimnyooshea mkono," anasimulia dada huyo, anayekubali kuzungumza huku akipimia wateja maziwa kwa kikombe karibu na kituo cha mabasi, ndiko anakouza siku hizi. "Akasema, 'Pole, mama, sina pampu.' Wa pili akasema vilevile. Nikasema labda kweli, dunia imebadilika. Wa tatu alikuwa mwuza mkate. Akapunguza mwendo akasema, 'Sina, mama, ningekusaidia.' Alipokuwa anapanda tena nikaona chini ya siti yake kitu kinang'aa. Nikaliona ua."

Anamimina kikombe, anapokea sarafu, anasubiri mteja aondoke.

"Kijiko changu mwenyewe kilinipita."

Walipita wengine. Akaacha kunyoosha mkono. Hatimaye akaanza kuisukuma baiskeli na madumu yake hadi juu, jua likimpiga mgongoni. Alipofika getini ilikuwa saa tatu na nusu. Mpishi alichota maziwa kidogo kwenye sufuria, akayachemsha mbele yake. Yakakatika. Kesho yake chuo kilikuwa kinaletewa maziwa na mtu mwenye gari.

Kabla ya kurudi nyumbani alipitia kwa mdogo wake. Wateja walikuwepo, na wanakumbuka kwamba hakupaza sauti.

"Aliniuliza, 'Vile vijiko vilikuwa dazeni, sivyo?'" anasema Kibindo. "Nikajibu ndiyo, dada, nikidhani anavitaka. Akasema, 'Leo nimekiona kimoja. Vingine sikuvitazama.' Akasukuma baiskeli yake akaondoka. Mimi nikabaki sijaelewa. Nilikuja kuelezwa jioni na mwuza mkaa, tena amekuja na pampu ya dada, anaomba nimpelekee kwa sababu yeye anaona haya."

Mwuza mkate hajifichi. Ndiye mwenye baiskeli iliyolala mapajani mwa fundi asubuhi hii. Ameileta ibadilishiwe pampu, maana ya zamani ilikufa kwa kutotumika. Ana uso mpana na maneno mengi.

"Niliiona imepinduliwa, nani hakuiona?" anasema. "Lakini nilikuwa nimechelewa, na nyuma yangu nilijua wapo watu. Na nikwambie ukweli, zamani ungekataaje? Pampu inaonekana, imening'inia hapo kama ulimi. Sasa haionekani. Mdomo unapata nafasi."

"Kwa hiyo kosa ni la kibindo?" anauliza fundi, nyundo mkononi.

"Mimi sijasema kosa ni la nani, kaka. Nasema mdomo ulipata nafasi."

"Mdomo wako haujawahi kukosa nafasi."

"Ndiyo maana nauza mkate. Wewe uza vibindo, tumwache dada apumzike."

Mwuza mkate analipa, anabonyeza kijiko kujaribu, anaondoka.

Baada ya siku ile Kibindo aliapa kutotengeneza tena. Aliwarudisha wateja mwezi mzima. Wakavuka barabara kwenda kwa yule fundi mwingine, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake ya kuchomelea, anayoivaa kutwa ingawa mashine ya kuchomelea hana. Profesa akaanza kutengeneza vibindo vyake kwa waya. Vinalia njia nzima kama njuga, lakini vinanunuliwa. Mwisho wa mwezi ada ya shule ikabisha hodi, na Kibindo akarudi kwenye kazi yake.

"Kitu ukishakitoa kichwani hakirudi," anasema. "Nikiacha mimi, pampu hazitatoka nje. Zitajificha vibaya tu."

Kinachomchoma ni kwamba dada yake anapeleka pancha kwa huyohuyo Profesa. Alimfuata siku moja na kumkabili palepale barabarani.

"Nikamwambia, dada, huyu naye anaficha pampu za watu, tena kwa waya. Mbona kwake unakwenda?"

"Ukajibiwaje?" anaulizwa.

Fundi anafuta jasho kwa kiwiko, anaacha alama nyeusi kwenye paji la uso.

"Akasema, 'Yule si ndugu yangu.'"

Kwa upande wake Profesa amejitenga na kesi hiyo. "Mimi naziba pancha," anasema, akisogeza miwani. "Ugomvi wa tumbo moja hauna kiraka. Hata hivyo mama analipa taslimu, na haongei. Wateja wote wangekuwa hivyo ningekuwa tajiri."

Kibindo hajakaa kimya. Miezi mitatu iliyopita alinunua pampu kubwa ya kusimama, akapanda nayo hadi katikati ya mlima, akaifunga kwenye mti kwa mnyororo na kufuli. Akaandika kwenye kibao: YA WOTE. Ilidumu hadi siku ya pili. Walichukua pampu, wakachukua mnyororo, wakachukua na kibao.

"Kufuli waliliacha," anasema. "Limefungwa vizuri kabisa. Watu wana adabu."

Sasa nyuma ya kibanda chake limelala bomba nene la chuma, la mtambo wa maji wa zamani, refu kuliko mtu. Ndani yake amechomelea pampu. Kinachotoka nje ni mpini na kipande cha mpira wa upepo, na mpini wenyewe hauchomoki. Robo ya bomba itaingia ardhini, ndani ya saruji. Mifuko miwili ya saruji ipo chini ya kitanda chake, mkewe ameshajigonga mguu na kusema aliyoyasema. Jumapili atachimba shimo.

"Ni kibindo kilekile," anakiri. "Sijui kazi nyingine. Nimejaribu kufikiria kitu ambacho hakifichi, akili inarudi kwenye bomba."

Wiki iliyopita alikwenda kituoni kumweleza dada yake. Alipanga foleni kama mteja, akanunua kikombe cha maziwa, akakinywa amesimama, ndipo akasema. Akamchorea nguzo kwa kidole juu ya dumu lenye umande: hapa saruji, hapa mpini, hapa mpira. Akamwambia mtu yeyote akipata pancha mlimani hatahitaji tena kumwomba mtu.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Alichukua kikombe, akakisuuza.

"Pampu umeichomelea," alisema. "Na mtu wa kusimama naye utamchomelea?"

Kisha akamwuliza anayefuata anataka vikombe vingapi.

Kibindo alirudi kibandani na swali hilo. Lakini shimo atachimba. Barabara ile dada yake bado anaipanda kila alfajiri kutoka kwa wafugaji, kwa sababu maziwa yanatoka kulekule hata kama chuo hakiyataki. Atapita mbele ya ile nguzo akitaka asitake.

"Naomba kitu kimoja tu," anasema, akiinama kuokota boksi la spana. Anaangalia upande wa pili wa barabara, ambako Profesa anajaza upepo na mwanamke mwenye madumu amempa mgongo. "Nikisali naomba apate pancha. Palepale, mbele ya nguzo. Aipindue baiskeli yake, apampu kwa mkono wake, ajue ni mimi."

Anaketi tena juu ya ndoo, boksi mapajani.

"Ndugu gani anamwombea dada yake pancha?"