Afisa wa elimu aliuliza swali moja, nikakosa jibu

Jamani, leo nimepigiwa hodi na serikali.

Nilikuwa hapa nyumbani Matsangoni na binti yangu Mwanaisha, ana miaka tisa, tukifanya hesabu za kugawanya. Namfunza mwenyewe tangu mwaka jana. Shuleni walimcheka kwa kigugumizi mpaka akaacha kusema kabisa.

Kufungua mlango, ni naibu wa chifu na mama mmoja, afisa wa elimu.

"Shikamooni," nikasema, nikawakaribisha ndani. Watu walishanitisha kuwa nitashtakiwa kwa kumtoa mtoto shule.

Afisa akapitia madaftari yote. Kisha akampa Mwanaisha kitabu asome.

Neno la kwanza likamkwama. Nikataka kumsaidia, afisa akaniashiria nimwache. Akangoja, bila haraka.

Mwanaisha akasoma ukurasa mzima!

"Mashallah, mama, umefanya kazi," akasema afisa. Nikashusha pumzi.

Ndipo akamgeukia mtoto. "Na rafiki yako anaitwa nani?"

Mwanaisha akanitazama mimi.

Mimi nikatazama sakafu.

Afisa hakunigombeza. Akasema niendelee kumfunza, naye atarudi muhula ujao kuangalia. Ila Ijumaa jioni nimpeleke uwanja wa shule akacheze na wenzake, yeye afisa atazungumza na mwalimu wa michezo.

Walipoondoka nikamuuliza Mwanaisha kama ataogopa.

"Ni-nitaogopa," akasema. "Lakini nataka kwenda."

Wenzangu mnaofunza watoto nyumbani, hili la marafiki mwalifanyaje? Niambieni, maana Ijumaa ni keshokutwa, na anayeogopa zaidi ni mimi.