Pumzi Mbili Zangu, Mbili Zake

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi, kabla sijaanza, ili nijue nazungumza na nani. Nimeshaitwa hivyo na mkurugenzi, na polisi, na daktari, hata na shemeji yangu anayekula kwangu kila Ijumaa. Sijabadilisha neno. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na pombe sijawahi kuionja.

Miaka ile nchi ilikuwa Zaire na kila mtu aliitwa Citoyen, yaani raia, apende asipende. Mimi nilikuwa mzamiaji wa bandari ya Kindu. Niliingia chini ya meli za mto na chupa ya hewa mgongoni, nikikata kamba na magugu yaliyojisokota kwenye pangaboi. Tulikuwa wawili tu wa kazi hiyo, mimi na Ramazani, jirani yangu wa mtaa wa Kasuku. Mzungu aliyetufundisha alituachia sheria mbili. Ya kwanza, mtu asishuke peke yake. Ya pili, mwenzako akipitisha kiganja shingoni, hewa imemwishia: mpe mpira wako wa kupumulia, avute pumzi mbili, akurudishie uvute mbili, hivyo hivyo mpaka juu. Huulizi, husiti. Hiyo ya pili ishike vizuri, maana kisa chote kimekaa juu yake.

Basi siku moja tukapakiwa kwenye kamyo, lori la mizigo, pamoja na chupa zetu, tukasota matopeni siku mbili mpaka upande wa mji wa Kama, katika wilaya ya Pangi. Kampuni moja huko, jina lake silitaji, ilikuwa na shimo la madini lililoachwa likajaa mvua mwaka hadi mwaka mpaka likawa ziwa. Sasa wakubwa wa chama walikuwa wanakuja kutembea, na mkurugenzi alikuwa amewaahidi shimo kavu lenye watu kazini. Alikuwa ameweka pampu juu ya jukwaa la mapipa katikati ya maji. Pampu ikazama, jukwaa na yote, na fundi wake aliyeitwa Kikuni hakuonekana tena. Siku kumi zilikuwa zimepita.

“Fundi alikimbia,” mkurugenzi alituambia. “Alizamisha pompe yangu makusudi, akaenda na mufuko ya zahabu. Ninyi mutafute pompe, muifunge kamba. Leo njo salongo, bantu bote batavuta.”

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi. Kambi nzima ilikuwa imekwisha kupangwa ukingoni, wanaume kwa wanawake, na kamba ndefu imelala miguuni mwao.

Nilikuwa navaa mapezi ya mpira pale mwanamke mmoja alipotoka kwenye mstari akaja kupiga magoti mbele yangu. Alikuwa Mama Wabiwa, mke wa Kikuni.

“Baba, bwana yangu haiko mwizi,” alisema kwa sauti ya chini. “Mukubwa alimutuma ku maji aangalie pompe, nilisikia na masikio yangu. Iko mule. Banasema kesho nitoke mu nyumba ya kampuni, bibi ya mwizi. Ndugu zake banakatala kukaa matanga, banasema iko Bukavu anakula zahabu. Ukimukuta, unirudishie yeye.”

Niliitikia nitaangalia. Sitaficha: nilisema hivyo ili aondoke tu, kwa sababu mkurugenzi alikuwa anatutazama.

Mimi na Ramazani tukaenda kwa mtumbwi mpaka katikati, tukaingia majini pamoja. Maji yalikuwa na rangi ya chai bila maziwa. Baada ya meta tatu hivi huoni magoti yako, na tochi yangu ilimulika mbele kama urefu wa mkono. Nilijua Ramazani yuko nyuma yangu. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, kwa nini nigeuke kumhesabu? Kwenye meta kumi nikagusa chuma. Ilikuwa pampu, imelala ubavu juu ya mapipa yake. Nikafurahi, nikawa natafuta mahali pazuri pa kufunga kamba.

Ndipo nikaguswa begani.

Nikamulika, nikaona kiganja kikipita shingoni, mara moja, taratibu. Hewa imeisha. Uso sikuuona, maji yalikuwa yametibuka kwa mapezi yangu. Lakini ungenitaka nione uso kwanza? Nikavuta pumzi, nikautoa mpira mdomoni, nikampa. Akavuta mbili. Akanirudishia, nikavuta mbili. Nikamwonyesha kidole juu, twende. Yeye akanishika mkono, akanivuta pembeni.

Niamini nikikuambia sikuogopa. Nilikasirika! Nikajisemea, huyu Ramazani ana wazimu gani leo, hewa hana na bado anataka kutalii? Mkono ulionishika ulikuwa na bangili ya shaba iliyosokotwa. Niliiona wazi kwenye mwanga wa tochi, na akili yangu haikuniambia kitu, kwa vile pale chini nilikuwa nashughulika na jambo moja tu, kuhesabu. Mbili zangu, mbili zake. Tukaenda hivyo kuzunguka jukwaa, kama wagonjwa wawili wanaoegemeana, mpaka upande wa pili. Hapo akaniwekea mkono juu ya kitu laini, akauacha.

Kilikuwa kiatu cha mpira, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu. Mnyororo wa jukwaa ulikuwa umeuzunguka. Kikuni alikuwa amelala chini ya ukingo wa mapipa yake, uso kwenye matope, na mkono wa kulia bado umeshika spana. Nikapandisha tochi kwenye mkono ule. Ulikuwa na bangili ya shaba iliyosokotwa.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mpira wa kupumulia ulikuwa unaelea mbele yangu peke yake, unatoa mapovu.

Hapo sasa niliogopa, nani asingeogopa? Nilipanda juu nikipiga miguu kama mbwa. Ramazani alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi, chupa yake kando, nywele zimekwisha kuanza kukauka.

“Uko hapa?” nikamuuliza.

“Sikio iliniuma palepale juu,” alisema. “Nilikugusa mguu, nikarudi. Hukusikia?” Kisha akaninong'oneza: “Ndugu yangu, ulikuwa na nani kule chini? Nimeona mapovu ya bantu wawili.”

Tukarudi ukingoni. Mkurugenzi akaja mpaka maji yakamlowesha viatu. “Pompe iko?”

“Iko, Shefu. Na muntu iko.”

Akatazama nyuma, akaona watu wako mbali, akainama karibu na sikio langu. “Hakuna muntu mule. Kikuni iko mwizi, nimekwisha kuandika ku Kindu. Weye funga kamba ku pompe. Hukuona kitu ingine. Unasikia?”

Nilisikia vizuri sana. Nilimtazama yule mtu na abacost yake, suti ile ya wakubwa, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, nikaona kumbe hata yeye anajua Kikuni yuko wapi. Siku kumi zote alikuwa anajua. Hofu yangu ikaniishia palepale, ikabaki hasira. Marehemu amenyanyuka matopeni kuja kuomba haki yake kwangu, halafu mimi nimwogope mwenye kalamu?

“Ndiyo, Shefu,” nikasema.

Nikachukua chupa ya Ramazani iliyojaa, nikashika ncha ya kamba, nikarudi katikati kwa mtumbwi, nikashuka. Ramazani aliniita nisivunje sheria, nisishuke peke yangu. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nilijua siko peke yangu. Nilipofika nikaomba radhi kwanza, moyoni, kwa vile mdomo ulikuwa na kazi. Vidole vya Kikuni viliiachia spana bila kunisumbua, na kwa spana yake hiyo nikafungua komeo la mnyororo. Kisha nikamfunga kamba chini ya kwapa, mafundo mawili, kwa upole, nikatikisa kamba mara tatu.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akihesabu. Nilipotoa kichwa majini nilimsikia: “Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!” Watu mia na zaidi walikuwa wanavuta kwa nguvu ya kuvuta chuma, na kamba ilikuwa inakuja nyepesi, wengine wakaanza kuanguka na kucheka. Kicheko kikakatika. Kikuni alikuwa amefika kwenye maji ya kina kifupi, mkono wake wenye bangili mbele.

Mama Wabiwa aliiona bangili kabla ya kitu kingine. Aliingia majini mpaka magotini, akamfungua kamba, akampapasa mifuko ya suruali mmoja mmoja, akaigeuza nje watu wote waone. Haikuwa na kitu, maji tu. Ndipo akamgeukia mkurugenzi.

“Citoyen Directeur, mwizi wako njo huyu. Umuulize zahabu.”

Kisha akalia, na kambi nzima ikalia naye, salongo ikaishia hapo. Mkurugenzi aliniuliza nani alinituma. Nikamwambia hakuna aliyenituma, kamba ilikuwa moja nami nilichagua. Ndugu za Kikuni walikuja jioni ileile, matanga yakakaliwa kama inavyotakiwa, na hakuna aliyethubutu kumtoa Wabiwa katika nyumba yake mbele ya watu wale wote.

Mimi nililipa. Niliporudi Kindu nilifungiwa siku tatu, na kazi nikafukuzwa. Waliandika nilikuwa mlevi. Mimi! Nenda Kasuku uulize mtu yeyote aliyesali karibu nami. Daktari akasema ni kichwa kukosa hewa, na mengine ni ndoto. Ramazani naye, aliyekuwa juu, anavuta hewa ya Mungu, aliota mapovu? Jirani zangu wanasema ni mambamuntu, yule wa majini mwenye mkia, ananidai. Mambamuntu atavaa bangili ya fundi wa pampu kwa sababu gani?

Kilichonibakia ni hiki. Nikilala, navuta pumzi mbili, kisha naacha kuvuta. Kifua hakitembei kwa muda wa pumzi mbili nyingine, halafu naanza tena. Mke wangu mwanzoni alikuwa ananitikisa na kulia, akidhani nimekufa. Walinipima hospitali, hawakuona kitu. Sasa yeye amezoea. Anasema bado nampa mtu. Mimi sibishi, na wala sitafuti dawa.

Wewe unayenisikiliza, nakuonya. Utaambiwa kwamba chini ya maji mtu akikuomba pumzi, uhesabu kwanza mmeshuka wangapi, umulike uso, ndipo utoe. Usihesabu. Mimi ningehesabu ningekimbia, na Kikuni angekuwa mwizi mpaka leo.