Mchungaji Aliyepiga Magoti kwenye Jiwe la Bibi

Siku mchungaji alipopiga magoti mbele ya jiwe la kusagia la bibi yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilicheka mpaka nikala kofi. Kaa nikueleze. Na hiyo simu iweke chini.

Alikuwa mchungaji wa Wabatisti, Mchungaji Elia, mtu wa Kigoma, mrefu, miwani yake imefungwa uzi. Alikuja kwetu upande wa Segese wakati mimi ni msichana wa kuchunga ndama. Shule nilikuwa nimeonjeshwa tu, nikatolewa. Kando ya kanisa alijenga chumba cha udongo, akapanga vitabu juu ya mbao za masanduku, akawa anawaazima watu. Wachimba dhahabu waliotoka Geita walipita pale na vumbi lao, Mkristo kwa Mwislamu, naye hakuwadai kitu ila kunawa mikono. Mimi niliingia kutazama picha. Hakunifukuza.

Vitabu alivyovipenda kuliko vyote ni vya nyimbo za kanisa. Aliniambia nyimbo zina ukoo kama watu: huu ulizaliwa kwa mabaharia, ule kwa wafuma nguo wa nchi ya baridi, ndipo kanisa likauchukua likaubatiza. "Na za kwenu," akaniuliza, "zimezaliwa wapi?" Nikamwambia za nyumbani kwetu zimezaliwa kwenye jiwe.

Hapo ndipo hakulala tena. Siku hizo mashine ya kusaga ilikuwa imeshafika kwa mwenye duka, na mama zangu wote walipeleka uwele wao huko. Aliyebaki na jiwe ni bibi mzaa baba, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa na wimbo alioachiwa na mama yake, mrefu, ambao hakuna mwingine aliyeujua wote. Akinyamaza yeye, umekwisha.

Mchungaji akaja asubuhi, akaketi kwenye kigoda, karatasi gotini.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma chetu, kama kusema shikamoo mama. "Nimekuja kusikia wimbo wa jiwe."

"Mwangaluka. Jiwe unaliona linasaga?"

"Hapana, mayu."

"Basi wimbo utoke wapi?"

Yeye akadhani ni mambo ya dini, kwamba bibi hataki kanisa. Akarudi na chumvi. Siku nyingine akaleta kanga. Bibi akapokea chumvi, kanga akairudisha, wimbo hakutoa. Kumbe kwa bibi, kuimba wimbo wa jiwe pasipo nafaka ni kuita njaa nyumbani. Lakini hakumwambia. Alitaka aone kama mtu wa vitabu anajua kuuliza.

Mvua zikaingia, bibi akashikwa na kikohozi. Mchungaji akanikuta kwenye ndama.

"Bibi yako huimba wakati gani?"

"Akisaga."

"Wakati mwingine je?"

"Hakuna."

Akajipiga paji la uso. "Na mimi nimekaa pale na chumvi!" Akacheka peke yake njia nzima.

Kesho yake akaja na kikapu cha uwele begani. Bibi akasema mikono haina nguvu. Basi yeye akavua koti, akakunja shati, akapiga magoti. Mwanamume, tena mwenye miwani, kwenye jiwe! Kwetu hata aliyefiwa na mke alisagiwa na majirani. Ndipo nilipocheka, ndipo kofi la mama.

Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akasimama kwenye ua wa minyaa.

"Mchungaji! Umeolewa hapa?"

"Bado, mzee. Mahari haijaletwa. Hao ng'ombe ndio wenyewe?"

"Cheka tu. Jumapili wazee watakaa. Hatutaki mchungaji anayesaga. Tutaomba uondolewe."

"Jumapili nitakuja. Sasa hivi nina kazi."

Kazi yenyewe aliifanya vibaya, uwele unaruka kila upande. Bibi akavumilia, akavumilia, kisha akaweka mikono yake juu ya mikono ya mchungaji, akampa mwendo. Mwendo ulipokaa sawa, wimbo ukatoka. Ulikuwa wa binti aliyeolewa mbali, anauliza jiwe kama mama yake amekula. Mchungaji hakuandika hata neno, angeandika kwa mkono upi? Akarudi asubuhi zilizofuata mpaka akaushika wote, nami nikaushika kwa kusimama palepale.

Jumapili wazee wakamkalisha mbele ya kanisa zima. Akaomba aimbe kwanza, kisha wamhukumu. Ulikuwa wimbo uleule, ila maneno ameyageuza: sasa mtoto aliyepotea anamuuliza baba yake kama mlango bado uko wazi. Vijana wa kwaya aliokuwa amewafundisha wakauchangamkia, wakaukimbiza. Mara tukasikia fimbo mlangoni. Bibi, ambaye hajawahi kukanyaga mle!

"Mnakimbilia wapi? Unga huo utakuwa chenga!"

Kanisa likaangua kicheko, na aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni Mzee Zakaria. Akainuka akampa bibi nafasi yake ya kukaa, na neno la kumwondoa mchungaji likaishia hapo. Wakaanza upya, polepole, kama jiwe linavyokwenda. Bibi hakubatizwa, nisikudanganye. Lakini kila Jumapili alikuja kuulinda mwendo, mpaka pumzi yake ilipokwisha. Wimbo ukabaki.

Sasa sikia, mwanangu. Unakuja kwangu na maswali yako umesimama mlangoni, mguu mmoja nje, halafu unasema wazee ni wachoyo. Ukitaka kujua jambo, ingia. Shika kazi ya unayemuuliza, hata kama watu watakucheka. Na ukinyimwa jibu, usikimbilie kusema unachukiwa. Tazama kwanza umeuliza vipi.

Mungu akupe masikio ya yule mchungaji, na magoti yake pia. Unga wako uwe laini, na mlango wako usikose wa kuuingia. Haya, inuka ulete uwele. Jiwe lipo nyuma ya nyumba, nami koo langu bado zima.