Siku Niliyomwomba Radhi Baba Nasra

Mpaka leo nikinusa pasi ya moto ikipita juu ya shati lililonyunyiziwa maji, hasira inanipanda. Hiyo ni harufu ya Baba Nasra, mpangaji wa chumba kilichotazamana na chetu katika nyumba ya Bi Hadija, Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi. Mashati yake alipiga pasi mwenyewe, na wanawake wa nyumba nzima walimsifia kwa hilo. Alisalimia hadi watoto. Sauti yake ilikuwa ya chini, ukiwa hatua tatu tu humsikii. "Tausi, umepata mume," walimwambia mkewe, na Da Tausi alitabasamu akiangalia chini.

Baba yangu hakusifiwa. Aliuza vipuri vya baiskeli na alifokea kila kitu: maji yakikatika, timu yake ikifungwa, kandambili ikichomoka mkanda. Siku moja alirusha sufuria uani kwa sababu wali umeungua, kisha akaenda kuiokota na kuisugua mwenyewe. Hajawahi kunichapa hata mara moja, wala kumnyanyulia mama mkono. Lakini majirani walisema, "Huyu iko siku ataua mtu."

Kila Jumamosi alasiri tulijazana sebuleni kwa Bi Hadija kutazama tamthilia. Ilikuwa na ndugu wawili. Mkubwa, Sultani, alikuwa mtu wa kuvunja glasi na kupiga meza. Akitokea tu, wanawake wanaguna. Mdogo, Jabiri, alikuwa mtaratibu, na wote walimpenda. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nakaa mkekani mbele kabisa, na niliyemwogopa ni Jabiri. Sultani akikasirika unamwona anavyopanda, unapata muda wa kukimbia. Jabiri ungemwonea wapi?

Jumamosi moja Jabiri aligundua mkewe ametoka bila ruhusa. Hakufoka. Alivua saa, akaiweka mezani vizuri, akakunja mikono ya shati mara mbili. Halafu akampiga.

"Kumbe na huyu!" alisema Bi Hadija akijishika mdomo, na wanawake wengine wakafuta machozi kwa ncha za kanga.

Mimi sikushtuka. Wiki ile ile, nikipita koridoni na ndoo, upepo ulikuwa umelipeperusha pazia, nikamwona Baba Nasra akivua saa, akiiweka dirishani, akikunja mikono ya shati namna hiyo hiyo, huku Da Tausi akirudi nyuma hadi ukutani. Kesho yake Da Tausi alisema ameteleza bafuni.

"Anafanya kama Baba Nasra," nilisema.

Watu wote walinigeukia. Da Tausi alikuwa amekaa karibu na mlango, akimnyonyesha Nasra. Alijifunika kanga hadi machoni. Mama alinifinya paja nikaruka.

"Mtoto huna adabu!" alinikemea Bi Hadija. "Mtu mpole vile, unamzulia!"

Jioni ile ile mama alinishika mkono akanipeleka kumwomba radhi Baba Nasra. Tulimkuta anapiga pasi.

"Shikamoo, Baba Nasra. Naomba unisamehe, nilisema uongo."

"Marahaba, mwanangu. Yamekwisha." Akatabasamu. Kisha akamgeukia mkewe, bado anatabasamu. "Hivi watoto wanayasikia wapi mambo haya, Tausi?"

Asubuhi Da Tausi alitoka chumbani mkono umevunjika.

Baba yangu alipouona mkono ule hakuuliza kitu. Alifoka mpaka wapita njia wakasimama barazani. Aligonga mlango wa Baba Nasra kwa ngumi, akamtukana matusi ambayo sijayasikia tena, lakini hakumgusa. Kisha akampakia Da Tausi kwenye bajaji, yeye na Nasra, akawapeleka hospitali, na kutoka hospitali akawafikisha Magomeni kwa mama yake Da Tausi. Da Tausi hakurudi tena.

Na unajua nyumba ile ilisema nini? Ilisema baba yangu ana hasira zilizopita kiasi, anavunja ndoa za watu. Mwezi uliofuata Bi Hadija alituambia tutafute pa kuhamia. Baba Nasra alibaki. Mpangaji mstaarabu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba wanawake wale walidanganyika, kwamba upole uliwafumba macho kama walivyofumbwa na Jabiri. Hilo ningeweza kulisamehe. Mwaka jana, nikimsuka mama nywele, nilimwuliza, "Hivi mama, kweli hamkujua?"

"Nani asiyejua?" alinijibu bila kugeuka. "Nyumba ile haikuwa na dari. Mtu akikohoa kule, unamsikia huku."

"Sasa kwa nini ulinipeleka nikaombe radhi?"

"Ungetaka tuseme nini, Zuhura? Alikuwa anatuheshimu."

Niliacha kusuka. Walimlilia mke wa Jabiri kwa sababu hakuwa jirani yao, kumlilia hakukuwagharimu chochote. Baba yangu walimchukia kwa sababu alipiga kelele juu ya jambo ambalo wote walikuwa wakilisikia wakinyamaza. Na mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyetumwa kwenda kumwambia mwanamume yule, mkewe akisikia, kwamba nyumba nzima iko upande wake.