Jembe la Dada

Juzi nilipita duka la vifaa pale Kariakoo, nikanusa majembe mapya, ile harufu ya chuma na rangi nyeusi, nikasimama kama mtu aliyeitwa.

Zamani, nikiwa bado mtoto, dada yangu alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya serikali, mbali huko bondeni, katikati ya mashamba ya mpunga na miwa. Mimi nilishaanza kuota nikienda kumtembelea, nikitafuna miwa mpaka meno yaume. Shule ilitaka kila mwanafunzi aje na jembe, maana siku hizo wanafunzi walilima chakula chao wenyewe. Mjomba akalinunua. Dada akaliegemeza ukutani, akawa analitazama na kucheka peke yake.

Jirani wa chumba cha pili akaliona, akamgeukia mama.

"Shoga, shule gani hiyo inayotaka jembe? Huoni wasio na kazi wanavyopakiwa kwenye malori wakalime vijijini? Mwanao ndiyo harudi huyo!"

Mama alikuja mjini kwa kulikimbia jembe huko kwao kusini. Akaushika ule mpini, akaketi.

"Haendi mtu."

"Mama, ni shule kweli," dada akasihi. "Kuna vitabu, kuna maabara."

"Kitabu hakina mpini, mwanangu."

Treni ya kwenda huko bondeni ikaondoka bila dada. Masika ilipofika, mtaro wa mbele ya nyumba ukaziba. Mama akamtuma dada, naye akalichukua lile lile jembe, akazoa tope mpaka maji yakapita.

Jirani akavuka mtaro kwa miguu mikavu.

"Heee, mwanangu! Kumbe jembe unaliweza!"

Dada akalifuta jembe tope, akaliegemeza tena ukutani.