Ufa wa Kisigino cha Baba

Harufu ya gundi ya mbao hunirudisha kijijini kwetu Wamunyu hata nikiwa nimesimama dukani Mavoko nikinunua misumari. Naiona karakana ya baba, mabati yakialika kwa jua, naye ameketi chini, miguu mbele, amebana kipande cha mpingo katikati ya nyayo zake huku tezo ikishuka tak, tak, tak, karibu kabisa na vidole. Wachongaji wa kwetu hushika mti kwa miguu, maana mikono ina kazi nyingine. Twiga aliowachonga baba hawakuwa na dosari. Mti ukipasuka, alichanganya gundi na unga wa mbao, akajaza, akasugua kwa msasa, akapaka rangi ya viatu, na mnunuzi asijue kamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alizoea kusema, na mimi niliamini kila alichosema baba.

Kwa hiyo kiangazi kile, nikiwa na miaka tisa, visigino vyake vilipopasuka hadi damu ikatoka, sikushangaa aliponikabidhi kopo la gundi. Mwenyewe hakuweza kujipinda akafika. Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, na mwaitu hakatai kazi. Nikajaza nyufa kwa gundi na unga wa mpingo, nikasugua kwa msasa mpaka kisigino kikawa laini kama mgongo wa twiga. Baba akakipapasa, akasema nimemshinda mkono. Loo, nilivyojivuna! Wiki mbili baadaye kisigino cha kulia kikaanza kunuka, na baba hakuhisi maumivu yoyote. Hilo lilinitisha kuliko harufu yenyewe.

Miezi hiyo Daktari Mwende alikuwa akija kila Jumamosi kutoka Machakos mjini hadi ukumbi wa kanisa letu. Alikuwa mpasuaji wa nyayo, kazi iliyowachekesha watu sokoni: mtu asome miaka yote hiyo, tena ng'ambo, arudi kushika miguu yenye vumbi! Alikuwa akitafiti matatizo ya kawaida ya miguu ya watu wa kwetu. Tulipanga foleni, kila mmoja akakanyaga wino kisha karatasi, naye akauliza: unavaa nini, unasimama muda gani, viatu vya shule vinakubana wapi. Mama mmoja alimwuliza mbona hakuchagua moyo kama madaktari wa maana. Akajibu bila kuinua kichwa, "Moyo una wasemaji wengi, mama. Unyayo unasemewa na nani?"

Baba hakwenda kukanyaga wino. Ilivumishwa kwamba daktari yule hukata miguu, na mchongaji asiye na mguu atashika mti na nini? Alinionya nifunge mdomo. Lakini zamu yangu ilipofika, Daktari aliponiuliza kama nina shida, nilibubujikwa na machozi nikasema shida si yangu, ni ya baba, na mimi ndiye niliyemtia gundi.

Hakunicheka. Alifunga daftari, akaongozana nami hadi karakana, akaketi vumbini na gauni lake zuri, akaomba kwanza aonyeshwe jinsi mti unavyoshikwa. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza hili na lile, ndipo akauomba mguu. Baba alinikazia jicho ambalo sijalisahau, kisha akautoa. Daktari akabandua gundi polepole, na chini yake nyama ilikuwa imeoza. Alishuku kisukari kimeua hisia, na baadaye vipimo vikathibitisha. Akauliza nani aliyeziba vizuri namna hii. Baba akasema ni yeye mwenyewe. Nikasema ni mimi.

"Mkono mwepesi kama huu ninauhitaji," akaniambia. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, nitaondoa nyama iliyokufa tu, mguu ubaki. Lakini mtoto huyu ataukagua kila jioni, na hutamficha."

Ikawa hivyo. Miezi mitatu baba hakukanyagia kisigino kile, nami kila jioni nilikichunguza kwa tochi. Daktari naye aliongeza swali kwenye daftari lake: nyufa zako unazizibaje? Kumbe si baba peke yake! Wengine walitumia nta ya mshumaa, wengine lami, fundi baiskeli solisheni ya kubandikia tyubu. Aliyaandika yote bila dharau, na nampenda kwa hilo mpaka leo. Baba alipopona hakumpelekea twiga. Alimchongea unyayo wa mpingo, kisigino kikiwa na ufa ulioachwa wazi, yeye ambaye hakuwahi kuacha ufa.

Siku hizi mafuta ya visigino yamejaa madukani na watoto wanavaa raba, ingawa katika kiwanda ninachofanyia kazi Mavoko bado naona wanawake wanaosimama kutwa vidole vimebanwa, wakinyamaza. Mwezi uliopita nilimpeleka baba kliniki. Nywele za Daktari ni nyeupe sasa, na ule unyayo uko mezani pake, ufa umepanuka kwa ukavu wa miaka. Baba aliushika, kidole gumba kikapita juu ya ufa, nikajua anachowaza.

"Daktari, huu umekua. Niuzibe?"

"Ukiuziba, mzee, wanafunzi wangu nitawaonyesha nini?"

Baba akaurudisha mezani. Kisha, kabla hajaambiwa, akainama akaanza kuvua kiatu.