Firigisi ya Kuku Mwekundu

Jumamosi nilikuwa ninachanganya mavi ya kuku na udongo, nitayarishe tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu, simu ikalia. Alikuwa tonton Éliézer, mjomba wa mume wangu Tshibangu.

"Maman Océane," akaniita kwa jina la binti yetu, "kesho tunakuja. Bwana yako anataka kurudia nyumba. Pika kuku."

Nikasema sawa, nikarudi kwenye jembe. Udongo wa Koekelberg, huku Ulaya, mwezi wa nne bado ni baridi, unaganda vidoleni.

Tshibangu nilimleta Ulaya mimi. Nilisafisha ofisi kule Schuman alfajiri, yeye amelala, mpaka akapata karatasi za ukaazi. Alipozipata akahamia mji wa Liège kwa mwanamke mwingine, Larissa, akawaambia ndugu zake kwamba mimi ni mchawi. Wakaamini. Hata kanisani, nikikaa, watu walihama benchi. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikanunua kuku. Kuku hawasengenyi mtu.

Kwetu Lubumbashi, mume aliyepotea akirudi haulizwi mengi. Mke anampikia kuku na kumwekea firigisi juu ya sahani. Mwanamke haili; ni ya mwenye nyumba. Mume akishaimeza, kesi imekwisha, na mke asiitaje tena.

Jumapili nikamkamata kuku mwekundu, yule aliyeacha kutaga. Wenzake walikuwa wanafukua tuta langu, wanatafuta minyoo. Hawakugeuka. Nilipopasua firigisi nikakuta changarawe na kipande cha kioo cha bluu, kimesagika mpaka kikawa laini. Nikaiosha. Nikangoja moyo useme kitu. Haukusema.

Wakaja baada ya ibada. Tshibangu amekonda. Akachungulia bustani dirishani.

"Ah bon! Uko fermière sasa, mfugaji kabisa! Kuku zako zimenona kunipita miye."

"Larissa alikuwa anakulisha nini, mwana?" tonton akacheka. "Parfum?"

Nikaleta bakuli la kuku na bukari, ugali wetu. Tshibangu akashika kijiko, akageuza paja, akageuza shingo, akatafuta chini ya mchuzi. Tonton akaacha kucheka.

"Maman Océane, firigisi iko wapi?"

"Nimeikula."

"Nani?"

"Miye. Jikoni, ikiwa moto bado. Na chumvi."

"Donc," Tshibangu akasema, "umekula ya mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ndiye alikula."

Hakuna aliyepiga kelele. Tonton alinawa mikono polepole, akachukua kofia yake.

"Simama, mwana. Tumeshajibiwa."

Mlangoni Tshibangu akauliza kama ninaweza kumfungia paja moja la njiani. Nikamfungia yote mawili.

Walipoondoka nikawarudisha kuku bandani, nikasawazisha tuta walilofukua, nikamwaga mbegu na kuzifunika kwa plastiki, maana baridi haijaisha. Nilifikiri nitasikia furaha, au uchungu. Nilisikia mgongo tu, unauma.

Firigisi yenyewe ilikuwa ngumu. Kuku alikuwa mzee.